Malimbuko ya Darini

"Basi mle hizo nyimbo zenu," nilimwambia mume wangu. "Mkishiba, nitaamini kwamba mbegu zangu hazina kazi."

Lameki alikuwa ameshaegemeza ngazi kwenye dari. Mguu mmoja ngazini, mmoja sakafuni. Ndivyo alivyo tangu aokoke: hayuko juu, hayuko chini. Mlangoni alisimama Ndugu Sila, kiongozi wa ushirika wao wa waliookoka, kaptula ya kaki imepigwa pasi, Biblia kwapani, viatu vinang'aa. Mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njombe nzima ilikuwa na tope isipokuwa viatu vya Sila, kwa sababu lori lilimshusha kizingitini kwangu kama mzigo wa sukari.

"Mama Ida, usimzuie ndugu yetu," alisema kwa ile sauti yake ya kubembelezea watoto. "Bwana ana haja na vitu hivi."

"Bwana hajanitumia mtu. Mwenye haja ni wewe."

"Mama Ida," alisema Lameki kutoka pale ngazini, "usimjibu hivyo mtumishi."

"Mtumishi hutumika. Huyu ametumika wapi? Nionyeshe tuta moja aliloinua."

Lameki akatazama juu darini, kana kwamba jibu limehifadhiwa pamoja na viazi.

Niseme mapema kilichokuwa darini, maana ndicho tulichokuwa tukigombania. Zilikuwa mbegu za viazi mviringo. Nilizichagua mwenyewe baada ya mavuno, kiazi kwa kiazi, nikazipaka majivu, nikaziweka gizani mpaka macho yakachipua vizuri. Bwana Shamba wa bomani alipopita alizisifu, naye si mtu wa kusifu. Mvua ilikuwa imekuja. Matuta yalikuwa tayari, nimeyainua mimi na wanangu wawili, Ida na Yoeli. Siku ya kupanda ilikuwa ile ile, Jumamosi ile ile. Mbegu hizo zikipandwa, nyumba yangu inakula mwaka mzima. Zikiliwa, tunakwenda kuomba.

Na Makambako kesho yake palikuwa na mkutano mkubwa wa Injili. Watu walikuwa wanatoka Tandala, wanatoka Ludewa, wengine wametembea kutoka Manda kule ziwani. Wote hao wangekula. Sila alikuwa ameahidi kwamba watakula kwa mkono wa ushirika wake, yaani kwa mkono wangu.

Sina ugomvi na Injili. Nimebatizwa mtoto, nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, na katekisimu naijua kuliko wengi wanaoipeperusha. Wanangu wameijifunza wakimenya viazi jioni, mimi nauliza, wao wanajibu, na anayekosea anamenya zaidi. Kila Jumapili tunakwenda kanisani kwa miguu, tumeoga. Lakini kwa watu wa Sila hiyo haikutosha. Walisema mimi ni baridi. Waliniita Mkristo wa jembe, wakadhani wamenitukana.

Majirani nao walikuwa na jina lao kwa ajili ya wale waliookoka. Waliwaita Waukoka. Ukipita kwenye shamba la ndugu yeyote wa ushirika ungejua sababu. Ukoka ulikuwa umetambaa kila mahali, umefunika mahindi, umeingia mpaka uani, na mwenye shamba yuko nyumbani kwangu tangu alfajiri anaungama dhambi za mwaka arobaini na saba huku anakunywa uji wangu. Mwaka uliotangulia ule ushirika ulikutana kwangu karibu kila siku. Waliimba vizuri, hilo sikatai. Walikula vizuri zaidi. Sijamwona hata mmoja akiosha bakuli.

"Tangazo lilisomwa kanisani," alisema Sila. "Ulikuwepo. Mchungaji wa Makambako ameomba kila nyumba ilete malimbuko."

"Nilikuwepo. Na wewe unaleta ngazi kwa sababu gani?"

"Kwa sababu malimbuko yako yapo darini."

Nikamtazama kwanza nione kama anatania. Sila hatanii, ni moja ya kasoro zake.

"Ndugu Sila, malimbuko ni nini?"

"Neno lenyewe linajieleza. Malimbuko ni kile ulicholimbika. Ulichokiweka akiba, ukakificha, moyo wako ukakaa hapo. Bwana anataka hicho hasa." Akamgeukia Lameki. "Si nilikufundisha, ndugu?"

"Ulinifundisha," alisema Lameki.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe nyumba kumi na zaidi za Wakristo, ambazo magunia yake yalikuwa tayari kwenye lori, zilikuwa zimetolewa mbegu darini kwa sababu mtu mmoja mwenye pasi ya mkaa hakujua Kiswahili. Sisi sote Kiswahili tumejifunza shuleni na sokoni, nyumbani tunasema Kibena. Kukosea si dhambi. Lakini mtu asiyejua neno huuliza, halafu ndipo anapohubiri.

"Hayo unayoyasema ni malimbiko," nilimwambia. "Malimbuko ni tunda la kwanza la mavuno. Kinachotoka shambani, siyo kinachongoja kuingia. Ndiyo maana tangazo lilianza kwa kutaja wenye vinyungu, vile vishamba vya mabondeni. Huko mbaazi na mahindi mabichi yameanza kukomaa. Mchungaji ameomba kikapu cha hayo. Angeomba mbegu siku ya kupanda, angekuwa mwendawazimu, na yule mzee ana akili zake."

"Ni herufi moja tu, Mama Ida," alisema Lameki.

"Kati ya kuokoka na kuokota pia ni herufi moja. Wewe tangu mwaka jana sijajua umefanya lipi."

Nje, dereva wa lori akacheka. Alikuwa Linus, Mkatoliki wa upande wa misheni, aliyezoea kupakia magome ya miti ya miwati na ambaye siku hiyo alipakia sadaka. Alikuwa ameegemea mlango wa gari akisikiliza kila kitu bila haya.

"Mama, mnapakia au hampakii?" aliita. "Barabara ya Makambako ikilowa tena, hizi sadaka zitalala mtaroni na mimi pamoja nazo."

"Subiri kidogo, Linus. Bado tunasoma Kiswahili."

Sila akafunga macho. Alipoyafungua alikuwa ameshapata njia ya kutokea. "Andiko huua, bali roho huhuisha," alisema. "Wewe unashika herufi. Sisi tunatazama moyo. Mungu anayepokea ndiye atakayetoa nyingine."

Hivyo ndivyo alivyo. Akipotea kwenye neno, anapanda juu ya roho, na huko huwezi kumfuata kwa sababu hakuna mipaka ya shamba.

Wakati huo jirani yangu Jeni akapita uani, anatoka kwenye lori, mikono mitupu. Jeni ni mjane, naye aliokoka pamoja na Lameki siku moja. Ni mwanamke mwema na hana akili ya kujilinda.

"Kamwene, Mama Ida," alinisalimu kwa Kibena.

"Kamwene. Umetoa nini, Jeni?"

"Mbegu. Zote. Ndugu Sila amesema nisibakize." Alikuwa anatabasamu, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunjakunja ncha ya kanga.

"Na utapanda nini?"

"Mungu atatoa nyingine."

"Atazitoa wapi?"

Jeni akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtoto anayeulizwa hesabu. "Labda kwako," alisema.

Hakutania. Hakuna aliyecheka, hata Linus. Nikamtazama Sila, na Sila akawa anatazama viatu vyake. Alijua. Wote walijua. Ile imani yao kubwa ilikuwa imekaa juu ya dari yangu muda wote. Mbegu zao zikiisha, zipo zangu, na zangu zikiisha itakuwaje, hilo hapakuwa na mtu aliyewahi kulifikiria.

Ida alikuwa amesimama pembeni ya jiko na mdogo wake. Wamevaa nguo za shamba, jembe mkononi tangu asubuhi, wananisubiri. Ida ana miaka kumi, anasikiliza kuliko anavyosema. Akaniuliza polepole kwa Kibena kama ni kweli Mungu anataka mbegu.

Kwa viazi ningeweza kuendelea kugombana mpaka mchana. Swali lile ndilo lililonimaliza. Nimewalea hawa watoto wamjue Mungu anayeleta mvua, anayeamuru watu wafanye kazi na wapumzike, wasiibe, wawaheshimu wazazi, hata mzazi kama Lameki. Sikuwa tayari wamjue Mungu kama mgeni anayekuja siku ya kupanda na kula mbegu.

"Toka ngazini," nilimwambia Lameki.

Akatoka. Nikapanda mwenyewe. Nikashusha gunia la kwanza, nikalisukuma la pili, Lameki akalipokea kwa kifua. Uso wa Sila ukafunguka kama dirisha.

"Bwana asifiwe," alisema. "Nilijua moyo wako ungelainika, dada."

Sasa nimekuwa dada. Dakika moja nyuma nilikuwa mshika herufi.

"Hili ni zito," nilisema. "Beba, Ndugu Sila. Baba Ida abebe lile. Nifuateni."

Kwa furaha aliyokuwa nayo hakuuliza. Akampa Lameki Biblia, Lameki akaiweka kifuani ndani ya koti, kisha kila mmoja akajitwika gunia lake. Sila akaanzisha wimbo. Nilitangulia, watoto nyuma yangu, kisha hao wawili wakiimba. Nikalifikia lori. Linus alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Nikapita.

Nikasikia wimbo unapungua nguvu, lakini mtu aliyejitwika gunia haoni mbele vizuri, anaona visigino vya aliyetangulia. Nikazunguka banda la kuku, nikavuka mfereji, nikaingia kwenye udongo mwekundu uliolowa mpaka chini. Nyuma yangu kiatu kimoja cha Sila kikazama, kikatoka na mlio. Halafu cha pili.

Kwenye tuta la kwanza nikasimama. "Tueni hapa."

Sila akatua. Tope lilikuwa limempanda mpaka kwenye ile mikunjo ya pasi. "Mama Ida," alisema akihema, "lori liko kule."

"Na matuta yako hapa. Asante kwa kubeba. Ni kazi ya kwanza nimekuona ukiifanya."

"Unamwibia Mungu."

"Malimbuko yake atayapata. Ida, shuka kinyunguni. Chuma mbaazi za kwanza na mahindi yaliyokwisha kukomaa, ujaze kile kikapu kizuri. Usichague mabovu. Mpe Linus, siyo mtu mwingine. Linus," niliita, "utamfikishia mchungaji mkononi?"

"Nitamfikishia, mama," alijibu Linus kutoka barabarani. "Sisi kwetu padri ana shamba lake, lakini nitamfikishia."

Ida akakimbia bondeni. Sila alikuwa anajaribu kusafisha kiatu kimoja kwa kingine, jambo lisilowezekana. Akamwambia Lameki kwamba huu ndio wakati wa kuchagua, nyumba au Bwana. Lameki akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama gunia.

"Baba Ida, nenda kwenye mkutano," nilimwambia. "Sikuzuii. Ukasikilize mahubiri, na ukipata nafasi muulize mchungaji maana ya malimbuko, mbele ya watu. Au baki, jembe la tatu liko pale kwenye ukingo. Ila mguu mmoja huku na mmoja kule, leo basi."

Sitasema aling'aa uso au aliona nuru. Alitoa Biblia kifuani, akampa Sila mwenyewe, akaenda ukingoni akalichukua jembe. Alilishika vibaya, kama mtu aliyeshika nyoka, lakini alilishika.

Sila akaondoka peke yake kuelekea barabarani, anatembea juu ya vidole. Alipofika kwenye lori alimkuta Jeni, aliyekwisha kusimuliwa na Linus lile somo letu la Kiswahili, amepanda nyuma, kanga amejifunga kiunoni, anavuta gunia lake kutoka chini ya magunia ya wenzake.

"Dada Jeni, umeshalitoa hilo kwa Bwana," alisema Sila.

"Nilitoa malimbiko, Ndugu," alisema Jeni bila kugeuka. "Mchungaji ameomba malimbuko. Linus, nisaidie upande huo."

Linus akamsaidia. Nilisikia pia akimwuliza Sila kama hayo magunia mengine nayo yarudishwe makwao kwa gari lile lile, au Ndugu anapenda kuyabeba mwenyewe kwa kuwa ameshazoea.

Sikungoja jibu, jua lilikuwa linapanda. Ida alikuwa amerudi mbio, kikapu kimeshakabidhiwa, ana majani ya mbaazi kwenye nywele. Nyumbani kwetu kupanda kuna utaratibu wake. Tunasimama kwenye shimo la kwanza, kila mtu na kiazi mkononi, tunasema Baba Yetu kwa sauti ya kawaida, bila kutetemeka. Tunapofika penye riziki, ndipo kiazi cha kwanza kinaingia.

Tukasema. Lameki alichelewa neno moja nyuma yetu, kama kawaida. Penye riziki Ida akainama, akakiweka kiazi macho juu, nami nikakifukia.