Kijani cha Mama Linda

Kivuti alifika nyumbani Kiambere na jeneza la mkewe, Gladwell, akakuta boma limefagiwa, viti vimepangwa, na matangi matatu ya Gladwell yameng'arishwa mpaka yakawa meupe pe. Akachungulia ndani: maji safi matupu.

"Baba Linda, tumekuoshea," alisema Lydiah, kiongozi wa akina mama wa kanisa. "Maji yalikuwa yameoza, kijani tupu. Wageni wangekunywa nini?"

Yameoza! Miaka minne Gladwell, mwalimu wa sayansi, alikuwa amelea kijani kile, mwani mdogo usioonekana kwa macho. Aliuchuja, akaukausha, akaukamua mafuta. Mwezi wa tatu mashine ya kusaga posho ilinguruma dakika kumi na moja kwa mafuta hayo, naye akalia mbele za watu bila haya. Mbegu nyingine zote za mwani alizojaribu zilikuwa zimekufa kwa jua. Iliyobaki ni hiyo ya matangini tu. Hospitalini hakutaja hata kaburi lake. "Usiache kijani kife," alimwambia Kivuti. "Linda atamalizia." Linda ni binti yao, anasomea kemia chuoni.

Kivuti alitaka kufoka, lakini angemfokea nani? Siku mbili wanawake hawa walikuwa wamebeba mitungi mgongoni kwa ajili ya marehemu.

"Yale ya kwanza mlimwaga wapi?"

Lydiah akamshangaa. "Kumwaga maji, huku kwetu? Tulipea mbuzi."

Kivuti alimwacha mchungaji na Biblia yake mkononi, akakimbia na suti yake hadi kwenye hori. Mbuzi walikuwa wameramba karibu yote. Akapiga magoti, akakwangua kwenye pembe za hori kwa ukucha, akapata ute wa kijani usiojaza kijiko. Akautia ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Watu wakanong'ona kwamba msiba umemchanganya.

Kaburini hakuiachia chupa hiyo. Linda aliitazama kwenye mwanga, kama mama yake alivyozoea.

"Ni kidogo sana, baba."

"Kitaishi?"

"Sijui." Akaigusa chupa kwa kidole. "Lakini fungua kifuniko. Kinataka hewa."

Kivuti akafungua. Kisha, kwa mkono usio na chupa, akachota udongo na kumtupia mkewe.