Kioo Kilisema Wako Wanane

Alhamisi ile asubuhi, kioo cha kishikwambi kilionyesha majina manane ya watu walioshuka kwenye duara letu pale Rwamgasa. Kufikia saa nane mchana saba walikuwa wamekwisha kutoka na majina yao kufutika. Jina lililobaki lilikuwa la Magesa, mdogo wangu, tumbo moja.

Duara ni shimo la dhahabu. Letu lilikwenda chini mita arobaini, halafu likagawanyika njia mbili zinazofuata mwamba. Watu walishushwa kwa kamba na winchi ya mbao. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mchana ule tulisikia kishindo chini, kama gunia la mahindi likibwagwa sakafuni, kisha hewa ikapanda ikinuka tope. Winchi ikaanza kupandisha watu mmoja mmoja, na kila aliyefika juu aligonga kadi yake kwenye kisanduku cha nguzoni, jina lake likafutika kiooni kwangu. Hata yule aliyetoka anatapika maji aligonga kadi kwanza. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea.

"Bado Magesa," nikasema.

Kalisti, kiongozi wa zamu, aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo aliyokuwa akinawia. "Mimi nilikuwa njia ya kulia na watu watano. Magesa na Nasibu ni wa kushoto. Nasibu, mwenzako yuko wapi?"

Nasibu ndiye aliyetoka wa mwisho. Alikuwa amekaa chini, tope limemjaa masikioni. Aliinamisha uso, akaendelea kukwangua tope kwenye buti.

"Mliwashusha wangapi asubuhi?" Kalisti akawauliza watu wa winchi. Wote wawili walikuwa wageni, wametoka Maganzo wiki ile ile.

"Sisi tunazungusha tu," mmoja akajibu. "Hesabu ni ya mama wa kioo."

Mama wa kioo ni mimi. Jina langu ni Salome, wananiita Mama Rebeka. Kabla ya kampuni ya kadi kuja nilikuwa nauza uji pale pale duarani. Nilianza kujifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na moja, masomo ya jioni, kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu ambayo magoti hayaingii. Kampuni ilipotafuta mtu wa kukaa juu ya shimo na kioo, anayejua kusoma na asiyekunywa pombe, wakanichagua mimi. Siku hiyo nilipiga magoti jikoni nikamshukuru Mungu mpaka ugali ukaungua.

Zamani watu wa duara walihesabiwa kwa ndala. Anayeshuka alivua ndala zake mdomoni pa shimo, akavaa buti. Jioni, jozi iliyobaki ilisema yenyewe kwamba mwenyewe hajapanda. Kampuni ilileta kadi, kisanduku na kishikwambi, ikasema ndala mdomoni pa shimo ni hatari, mtu anaweza kujikwaa. Zikaanza kuwekwa kwenye viroba, mtu na kiroba chake, huko vichakani. Halafu Edward, mwenye duara, akaongeza la kwake. Asiyegonga kadi hana mgao wa mawe ya dhahabu siku hiyo. Na atakayegonga kadi ya mwenzake, wote wawili waondoke.

Edward mwenyewe alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, uso umemshuka. "Kadi yake iligongwa saa ngapi?"

Nikasoma. "Saa kumi na mbili na dakika ishirini."

"Basi yumo."

Nilikumbuka ile asubuhi. Kisanduku kilikuwa kimelia, jina la mdogo wangu likatokea, nami nikafurahi moyoni kwamba amewahi. Sikuinua macho kumtazama. Meza yangu ilikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye shimo, na mimi nilikuwa nasoma. Miaka yote ya uji nilimjua kila mtu kwa uso na kwa kikombe chake, na siku ile sikuweza kuapa kama nilimwona ndugu yangu.

Nilimpigia simu. Haikupatikana. Chini ya ardhi simu haipatikani, kwa hiyo hilo nalo likawa kama ushahidi. Nikaomba bila kufumba macho. Bwana, usimchukue kabla sijamwona. Sikuwa na maneno mengine.

Kalisti alianza kufunga kamba kiunoni.

"Unakwenda wapi?" Edward akamuuliza. "Ukuta bado unamwaga udongo."

"Nasikia."

"Utakufa wewe na yeye."

"Mzee, kuna mtu chini. Ungekuwa wewe, ungetaka tuketi tuhesabu mawe?" Akawageukia wenzake. "Nani anakuja?"

Wawili wakasimama. Mmoja alikuwa na mtoto wa wiki mbili nyumbani. Nilitaka kuwaambia waende, nikataka kuwaambia wasiende. Kama wangeniuliza mimi siku ile, sijui ningesema lipi, na hilo nimelitubu peke yangu.

Kalisti akaweka mguu kwenye ndoo ya winchi. Hapo Nasibu akasema, bila kuinua uso, "Usishuke."

"Kwa nini nisishuke?"

"Hakuna mtu kule."

"Kioo kinasema yumo."

"Kadi yake niliigonga mimi." Akaitoa mfukoni, ikiwa na tope, akaiweka chini mbele yake. "Magesa hakuja leo. Jino. Asubuhi nilimpitia, shavu limevimba kama kaficha embe. Nikamwambia nenda Geita kaling'oe, mimi nitakubeba."

Hapo inabidi nieleze neno kubeba. Tangu maduara yaanze kwetu, mtu akiumwa au akifiwa, wenzake humbeba. Asubuhi wanamwambia kiongozi, "Fulani tumembeba," na jioni mawe yakigawanywa fungu lake linawekwa kando, mpaka siku tatu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Kadi ilipokuja, haikuwa na mahali pa kumweka mtu aliyebebwa. Kwake aliyepo ni aliyegonga. Basi watu wakaendelea kubebana kwa njia iliyobaki.

Kalisti alitoa mguu kwenye ndoo polepole. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Mzee alikuwepo," Nasibu akasema. "Angetufukuza wote wawili. Na wakati wa kutoka sikuweza kuigonga kadi yake, wote mkinitazama. Nilidhani mtaangalia, mtaona hayupo, mtaacha."

"Tungeangaliaje, nawe umetuonyesha kwamba yupo?"

Nasibu akaanza kulia. Ni mtu mwenye ndevu, baba wa watoto wanne.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Hata hivyo sikuamini sawasawa. Nilikuwa nimeamini kioo, kikanidanganya, na sasa nikiambiwa niamini mdomo wa mtu nilitaka kuona kwa macho. "Una hakika alikwenda Geita?" nilimuuliza Nasibu mara tatu. Mara zote tatu alijibu kwamba alimpandisha bodaboda yeye mwenyewe.

Robo saa haikupita tukasikia pikipiki inapanda kilima kwa kasi. Abiria aliruka kabla haijasimama. Alikuwa na sepetu mkononi, sijui aliichukua wapi, na shavu lake la kushoto lilikuwa kubwa kama ngumi mbili. Mdomoni alikuwa na pamba.

"Nani?" akasema, au kitu kama hicho. "Nani yumo?"

Kalisti akaifungua kamba kiunoni.

"Wamenambia njiani duara la Edward limefukia mtu, na simu yangu imekwisha chaji. Ni nani? Semeni."

"Ni wewe," Kalisti akasema.

Magesa akatema pamba. "Mimi nani?"

"Wewe ndiye uliyefukiwa. Tulikuwa tunakuja kukuchimbua. Sepetu umeleta mwenyewe, ahsante."

Mtu mmoja akacheka, akafuata wa pili, na mwisho walikuwa wanacheka wote, hata Nasibu machozi yakimtiririka, hata watu wa Maganzo ambao hawakujua wanamcheka nani. Mimi nilimfuata mdogo wangu nikampiga mgongoni kwa kanga, mara mbili, halafu nikamshika. Alinuka dawa ya hospitali.

"Dada, shavu," akalalamika. "Taratibu, dada."

Sikumwachia.

Kampuni ilimtuma Violeth Jumamosi, kutoka Mwanza. Ndiye aliyetufundisha kutumia kadi, binti mpole, anaamkia kila mtu. Baada ya shikamoo zake alichukua kishikwambi akakichunguza kwa muda. "Mfumo ulifanya kazi sawasawa," akasema. "Kila kadi iliyogongwa imeandikwa."

"Sawasawa kwa nani, dada?" Kalisti akamuuliza.

Violeth akageuza ndoo akaikalia, pamoja na sketi yake nzuri. "Niwaambie ukweli. Bosi wangu amesema nikusanye vifaa nirudi navyo. Huu ni mwaka wetu wa tatu huku na tumeleta vitu vitatu. Taa ya kichwani imeuzwa mpaka ikaisha. Ile programu ya simu ya bei ya dhahabu imekufa. Sasa kadi. Wote tunaotengeneza ni wale wale, akili ile ile, chumba kile kile. Sielewi kwa nini kimoja kinapendwa na kingine kinatupwa."

"Taa ni rahisi," alisema Magesa. Uvimbe ulikuwa umepungua na maneno yalianza kueleweka. "Mlitukuta tumefunga tochi kichwani kwa mpira wa baiskeli. Nyie mmeondoa mpira tu."

"Na programu ya bei? Bei ilikuwa ya kweli."

Wanaume wakatazamana. Kalisti ndiye aliyejibu. "Mnunuzi wangu ananipa unga wakati duara halina kitu. Miezi miwili, mitatu. Mtoto akiumwa namgongea yeye mlango. Simu yako itaniambia nimuuzie mwingine kwa sababu leo ana bei nzuri. Mwezi ujao nikikosa, nitaigongea simu?"

Violeth hakuandika, alisikiliza tu. Mwishowe akasema, "Kadi nayo ilikuja ikakuta mnabebana."

"Ikakuta tunabebana," Kalisti akakubali. "Haikuuliza."

Edward alikohoa. "Mkirudisha mambo ya kubebana kila mtu atakuwa mgonjwa. Jumatatu nitabaki na winchi peke yake."

"Kabla ya kadi walikuwa wanajifanya wagonjwa wangapi kwa mwezi?" Kalisti akamuuliza.

Edward akasogeza jiwe kwa kiatu.

"Na wewe ulipovunjika mguu, ukiwa mchimbaji kama sisi, ulibebwa siku ngapi?"

"Kumi na moja," Edward akasema, akitazama pembeni. "Ilikuwa zaidi ya zile tatu. Basi. Nimesikia."

Wakakubaliana mgao urudi mdomoni mwa Kalisti, utangazwe asubuhi mbele ya watu, na kadi isihusike nao hata kidogo. Violeth akauliza atajuaje kwamba kadi imefika na mwenyewe. Tukafikiri sana. Watu walitaja picha, wakataja alama ya kidole, lakini vidole vya mchimbaji havina alama iliyobaki.

Ni mimi niliyetaja ndala. Nilisema kwa woga, maana mbele ya watu wa kompyuta ndala ni kitu cha aibu. Nikasema kile kidude cha ndani ya kadi kishonwe kwenye mkanda wa ndala, na itengenezwe rafu mbali kidogo na shimo, ili mtu akiweka ndala zake pale jina litokee, na akizichukua lifutike.

Nasibu akapiga paja. "Hapo sasa. Kadi ya mtu nitambebea. Ndala zake nitazitoa wapi, na yeye kaenda nazo hospitali?"

Violeth alicheka akaomba tumpe wiki mbili. Bosi wake alimpa moja.

Ukuta ulipokwisha kujengwa kwa magogo na maji kuvutwa, walishuka tena Jumanne ya wiki ya pili, na rafu ya ndala ilikuwa tayari. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemwomba Magesa atafute kazi nyingine, hata ya kuchunga. Alisema, "Dada, hiki ndicho ninachojua." Sikubishana naye. Asubuhi aliweka ndala kwenye rafu, jina likatokea, nami nikakiacha kioo nikamtazama mpaka kofia yake ikazama. Nilimtazama vile vile na yule aliyemfuata. Macho yalinichosha siku ile kuliko kusoma.

Saa kumi alasiri winchi ikaanza kupandisha watu. Nilisimama karibu na rafu nikimtaja kila mmoja kwa jina anapovaa ndala. Kalisti. Nasibu. Wengine wanne. Kisha ndoo ikakaa chini muda mrefu, na nikajikuta naomba tena kwa yale maneno ya siku ile. Kamba ikakaza. Akapanda wa saba. Ndoo ikashuka, ikapanda, na Magesa akatoka akilalamika kwamba njia ya kushoto ina baridi.

"Wote?" Edward akauliza kutoka kivulini.

Niliwatazama kwanza wao, mmoja baada ya mwingine, ndipo nikatazama kioo. Hakikuwa na jina hata moja.

"Wote," nikamwambia.