Damu Inayotaka Barafu

Mjukuu wangu wa kike anatafiti ubongo. Hapasui watu vichwa, nalisema hili kwa sababu majirani walishaanza kumkwepa. Anachunguza peptidi, vitu vidogo mno vinavyopeleka habari kutoka pembe moja ya ubongo hadi nyingine.

"Kumbe ni wambea!" nikamwambia.

"Ndiyo, bibi. Na wambea wakivuruga habari, mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo."

Sauti hizo kijana wa kaka yangu anazisikia tangu alipoacha chuo. Kaka anasema mwanawe karogwa, na mchawi anamjua: jirani mmoja ambaye kosa lake ni kujenga ghorofa.

Mjukuu alitaka damu ya ukoo mzima, aone ugonjwa unarithiwaje. Sote tulitoa, hata kijana mwenyewe. Akabaki kaka, na bila damu ya baba, ya mtoto inaeleza nusu tu. Mjukuu akambembeleza, akafukuzwa, akarudi. Mwishowe kaka akakubali, tukaenda nyumbani kwake.

"Mke wangu," akamtania, akikunja mkono wa shati, "sindano moja tu. Ya pili ni talaka."

Kichupa kikajaa. Sasa, hizo peptidi huharibika upesi, lazima damu izamishwe kwenye barafu papo hapo. Mjukuu akafungua sanduku lake. Tupu.

Tukamtazama kaka. Glasi yake ya juisi ilikuwa imejaa vipande vya barafu mpaka juu.

"Joto," akasema. "Na mgeni akija na barafu, si ya wenyeji?"

Nilicheka mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani. Mjukuu hakucheka.

"Basi tumbukiza humu," kaka akasema, akimsogezea glasi.

"Damu imeshakaa kwenye joto, haifai tena, babu. Nikiipima itanidanganya."

"Nani atajua?"

"Mimi. Na nitakuwa nimemdanganya mwanao."

Akatoka. Akarudi kutoka dukani na mfuko wa barafu begani, maji yanamchuruzika mgongoni, akajaza sanduku, akaketi kizingitini akimtazama babu yake.

"Nilisema talaka," kaka akanung'unika.

"Nimeipokea. Ila mkono bado nautaka."

Kaka akageuza uso ukutani. Mjukuu hakubanduka. Hatimaye kaka akalitoa lile lililokuwa likimkaa rohoni siku zote.

"Na damu ikisema mimi ndiye niliyempa ugonjwa huu?"



"Haitasema hivyo, babu. Vinasaba vyenyewe ni vingi, kila kimoja kinasukuma kidogo tu. Vingine ninavyo mimi, nilijipima wa kwanza. Bibi naye anavyo."

"Huyo nilimjua zamani," kaka akasema.

Nikamwonyesha ulimi. Lakini hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama mlango wa chumba cha nyuma, anakomficha mwanawe kila wageni wakija.

"Mwanangu!" akaita. "Toka huko, njoo huku sebuleni."

Kijana akatoka taratibu, macho kayafinya kwa mwanga. Kaka akampisha nafasi kwenye kochi, akampa mkono wa kushoto aushike, na wa kulia akamnyooshea mjukuu.

"Nishike vizuri," akamwambia mwanawe. "Shangazi yako anasubiri nilie."