Kliniki ya Kumi na Nne

Kazini walimwita Redio, kwa sababu alikuwa na stesheni mbili. Mezani kwake palikuwa na simu mbili, moja ya kifuniko cha kijani na nyingine ya njano, na karatasi mbili za kusoma. Kwenye simu ya kijani alijifanya mama wa Mtaa wa Majumba, anayeongea polepole kama mtu ambaye hajapanga foleni tangu azaliwe. Kwenye ile ya njano alijifanya dada wa ng'ambo ya reli. Ugonjwa ulikuwa uleule, neno kwa neno: ndugu yangu halali, hali, hataki kuonana na watu, tunaomba aonane na mtaalamu wa akili, na tutalipa taslimu siku hiyohiyo. Kilichobadilika ni mtaa na sauti, basi. Kila kliniki ilipigiwa mara mbili kwa wiki, na Daktari, mwenye utafiti huo, akaandika nani kapewa nafasi, nani kazungushwa.

Huyo Daktari si wa sindano. Ni daktari wa uchumi, mtu mpole wa mashati yasiyopigwa pasi, ambaye mwaka uliopita aliwatuma hivyohivyo benki kuomba mikopo: kazi moja, mshahara mmoja, mitaa miwili, na majibu yakawa mbingu na ardhi. Mama yake Redio hajaelewa mpaka leo. "Mwanangu, unafanya kazi na daktari mzima," alisema, "na mdogo wako anaisha hivihivi? Si umlete amwangalie." Siku ile Redio alicheka. Wiki hii hakuwa na cheko.

Maana huyo mdogo wake, Kitinda, mtoto wa mwisho wa mama, fundi friji mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usiopumzika, alikuwa amenyamaza mwezi wa pili sasa. Nesi wa zahanati alisema aonwe na mtaalamu ndani ya wiki hii, wasingoje. Hospitali kubwa ikawapa tarehe ya miezi miwili mbele. Pesa ya kliniki ya kulipia walikwisha kuipata kwa kubanabana. Walichokosa ni nafasi.

Na asubuhi hiyo ya Alhamisi, Redio alipoinama kufunga viatu, aliona pembeni ya mlango pako patupu. Sanduku la vifaa halikuwepo.

"Nimempa mwenzangu," Kitinda alisema bila kumtazama. "Yeye ana kazi nyingi."

Spana ya jirani nayo alikuwa ameirudisha. Shati aliloazima miaka mitatu nyuma amelirudisha, limefuliwa, limekunjwa. Mama alifurahi, akasema mtoto sasa anapata adabu. Redio hakufurahi. Fundi hagawi vifaa vyake, jamani. Fundi anakunyima hata bisibisi ya dakika mbili, tena ukiwa unatengeneza kitu chake.

Basi saa tatu alikaa mezani roho iko juujuu. Ilikuwa zamu ya kijani, kliniki ya kumi na nne kwenye orodha. Jumanne aliipigia kwa njano, wakamwambia wamejaa, ajaribu mwezi ujao.

"Kesho saa nne asubuhi itakufaa, mama?" msichana wa mapokezi aliuliza. Sauti ileile ya Jumanne, ila leo imetiwa sukari.

Redio alikubali, akakata simu. Kanuni ya Daktari haikuwa na mjadala: ukipewa nafasi, ifute ndani ya nusu saa, ili mgonjwa wa kweli asinyimwe kiti na mgonjwa wa karatasi. Alipiga tena, akaifuta. Mtu asije akasema hakujaribu njia iliyonyooka. Kisha akatoka mpaka kwenye ngazi, akashika simu yake mwenyewe, ile ya kioo kilichopasuka, akapiga palepale kwa sauti aliyozaliwa nayo. Nafasi ipo, alijua ipo. Ameiachia yeye dakika nne tu zilizopita.

"Unakaa wapi, dada?"

Akasema ng'ambo ya reli.

"Tumejaa. Jaribu mwezi ujao."

"Hata kesho asubuhi? Hakuna mtu aliyeghairi?"

"Hakuna, dada. Kesho kumejaa kabisa."

Maneno hayo Redio aliyasikia kila siku ya kazi. Siku nyingine aliyatia alama ya vema kwenye kisanduku chake, akaenda kunywa chai. Leo yalimwingia mpaka kwenye mfupa. Alikaa kwenye ngazi na simu yake, akimfikiria yule msichana. Angemwambiaje kwamba uongo wako naujua, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakudanganya?

Alirudi mezani akainua simu ya kijani. Tusimwonee, alijua vizuri anachoharibu. Kliniki ikipigiwa nje ya utaratibu inatolewa kwenye utafiti, na mpigaji naye anaweza kuonyeshwa mlango.

"Samahani, mpenzi," alisema polepole. "Nimebadili mawazo tena. Mtanichoka mwaka huu."

"Wala, mama. Nafasi yako bado ipo."

Alimwendea Daktari kabla hajaitwa, akaeleza yote akiwa amesimama. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena.

"Nafasi ileile, asubuhi ileile," alisema. "Miaka yote natafuta kitu kilicho wazi namna hii. Na siwezi kukitumia."

"Najua."

Akachukua rula na kalamu nyekundu, akaukata mstari wa kumi na nne mwanzo hadi mwisho. "Kesho usije," alisema. "Mpeleke ndugu yako. Mengine tutaongea Jumatatu." Redio alitoka hajui kama amepewa ruhusa au amefukuzwa.

Ijumaa saa nne kasoro walikuwa mapokezi, yeye na viatu vya kuazima, Kitinda na macho yake ya sakafuni. Kwenye fomu Redio aliandika Mtaa wa Majumba. Akamshukuru msichana kwa sauti ya kijani, akaulizia choo kwa sauti ya kijani.

"Dada," Kitinda alisema, "mbona unaongea kama mtu wa taarifa ya habari?"

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za wiki ile. Redio alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kumfinya.

Mtaalamu alikuwa mama mtu mzima wa sweta. Fomu aliiweka kando bila kuisoma, akamruhusu dada mtu aketi nao kwa kuanzia.

"Unaishi wapi, baba?"

"Ng'ambo ya reli," Kitinda alisema.

Redio aliitupia jicho fomu. Yule mama akaandika, hakuinua hata nyusi.

"Na nani?"

"Mama. Na huyu."

Kumbe huku ndani hakuna aliyejali mtaa. Kizuizi chote kilikuwa kwenye simu.

"Sasa nakuuliza wazi, na wewe unijibu wazi. Umewaza kufa?"

"Ndiyo."

"Ulijipangia lini?"

Kitinda alitazama mikono yake, ile mikono ya dhahabu, imetulia magotini haina kazi. "Kesho," alisema. "Nilitaka kwanza nirudishe vitu vya watu."

Mtaalamu aliweka kalamu chini, akasogeza kiti chake karibu naye. Redio alitafuta sauti ya kijani hakuipata, akatafuta yake mwenyewe, nayo hakuipata. Akamshika mdogo wake mkono wa shati, akaung'ang'ania, na alipoulizwa kama angependa kusubiri nje, alitikisa kichwa.