Maganda Yaliyofuliwa

Mjane mmoja alikuwa na wifi mwenye mdomo usio na breki. Kila mjane yule alipotoka kazini na kupita kando ya bustani ya wifi huyo, sauti ilimpokea kutoka kwenye matuta ya mchicha.

"Haya, mke wa kaka yangu huyo, na mwendo wake wa bata! Leo hawajakupaka mng'ao huko karakanani?"

"Anza wewe, wifi. Uso umepauka kama sufuria ya mkopo."

Wakacheka. Tangu wamzike marehemu, matani hayo ndiyo yaliyowashika pamoja.

Karakana alikofanya kazi mjane ilipaka vyuma vya pikipiki na mabomba ya bafuni nikeli, madini ya kung'arisha. Maji ya kusuuzia vyuma hivyo yalikuwa na sumu ya madini, kwa hiyo kabla ya kuachiwa mferejini yalipitishwa kwenye mapipa yaliyoshindiliwa maganda ya karanga yaliyosagwa. Maganda yananasa madini, maji yanatoka safi. Mjane ndiye aliyeyatunza mapipa. Alishindilia maganda mapya, akatoa yaliyochoka, akayafunga kwenye magunia yangoje lori la taka. Hakufungua koki bila kumtaja Mungu. Na ni yeye aliyemwambia wifi yake, "Sasa mwagilia bila wasiwasi. Maji hayo yanapita mikononi mwangu." Wifi akahamishia bustani yote ukingoni mwa mfereji.

Kisha mashine ya kubangua karanga iliyowapa maganda ikaharibika. Mjane, ambaye hakuwahi kutupa hata kipande cha sabuni, akaona uchungu kuyafunga maganda yaliyochoka kwenye magunia ilhali mapya hayapo. Akachukua tindikali kidogo ya kusafishia vyuma, akaichanganya na maji, akayaloweka. Ajabu, yakatakata! Aliyarudisha kwenye mapipa yakafanya kazi kama mapya. Maji ya kulowekea yalibaki ya kijani, akayamwaga mferejini nyuma ya ukuta. Kwake ulikuwa uchafu tu, kama maji ya nguo inayochuja rangi. Akamshukuru Mungu kwa kumfungua akili, tena akanyamaza, asije akaonekana anajisifu.

Siku fundi mkuu aliporudi na majibu ya vipimo vya maji kutoka maabara, uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, maji yanayotoka kwenye mapipa yetu ni mazuri. Ya mferejini ni mabaya kuliko kabla hatujaweka mapipa. Na hapa sioni magunia ya maganda. Unayapeleka wapi?"

"Nayafua," akasema, na kwa kweli alitabasamu.

"Unayafua?"

"Kwa tindikali. Yanarudi kama mapya."

"Na maji ya kufulia?"

Akaonyesha ukuta kwa kidevu. Fundi alivuta ndoo, akaifudikiza, akaikalia.

"Mama yangu, maganda hayaui sumu. Yanaishika tu. Wewe umeyalazimisha kuiachia."

"Kwa hiyo ile kijani..."

"Ndiyo yenyewe. Yote tuliyoikusanya."

Mjane hakungoja muda wa kutoka kazini. Wifi alimwona kwa mbali.

"Leo bata kakimbia! Wamekufukuza?"

"Wifi, usichume. Usiuze." Akaeleza yote, amesimama ng'ambo ya tuta, bila kujitetea.

Wifi alitazama fungu lililokuwa mkononi mwake.

"Mjukuu wangu anakula haya."

"Najua."

"Ulisema yanapita mikononi mwako."

"Nilisema."

Mjane akapiga magoti, akaanza kung'oa. Wifi naye akang'oa upande wa pili. Mchicha ulikuwa umenawiri, majani mapana kama viganja, na hilo ndilo lililomuumiza mjane zaidi. Aliomba moyoni atukanwe. Aitwe bata, aitwe mchawi, chochote.

Tuta la mwisho lilipobaki udongo mtupu, wifi alijifuta mikono kwenye kanga.

"Asante kwa kuja kuniambia, dada," akasema kwa adabu, kama anavyosemeshwa mgeni, akaelekea nyumbani kumwita mjukuu.

Kesho yake mjane alipita pale pale, akapunguza mwendo. Wifi alikuwa mlangoni. Aliinua mkono, akamsalimu kwa heshima zote; mwendo wa bata hakuutaja.