Saa Isiyo na Ufunguo

Ndege ya pili ilikuwa ndogo kiasi kwamba rubani aligeuka akatuhesabu kwa kidole, kama ninavyohesabu watoto mstarini. Tulikuwa kumi na mmoja. Nilikuwa safarini tangu jana alfajiri, nimelala kwenye kiti cha chuma katika uwanja wa kubadilishia ndege, na shingo ilikuwa imekataa katakata kugeuka kulia. Miguu imevimba, viatu vinabana. Jirani yangu, bwana mmoja mwenye kofia ya majani, alishangilia kila wingu.

"Mama, tazama bahari!"

"Nimeiona," nikamjibu. "Haiendi popote."

Chini yetu mahoteli yalipangana ufukweni, kila moja na bwawa lake la kuogelea, utadhani bahari nzima iliyo mlangoni haitoshi. Wenzangu walikuwa wanakwenda kustarehe. Mimi nilikuwa nakwenda kwa mdogo wangu, ambaye hatujasemezana naye miaka sita, na nilikuwa na uongo tayari mdomoni.

Sandukuni mwangu, ndani ya shuka mbili, ilikuwamo saa ya ukutani ya mama. Saa hiyo ilitoweka wiki ile ya msiba wake. Mdogo wangu ndiye aliyemuuguza mama miaka mitatu, na ndiye aliyekuwa akiitia saa ufunguo kila asubuhi. Kwa hiyo ufunguo ulipokutwa mfukoni mwake, ukoo mzima ukatoa hukumu. Mjomba alisimama sebuleni akamwita mwizi wa marehemu. Hakuna aliyenitazama mimi. Mwalimu mkuu mzima, nani angenidhania? Saa ilikuwa kwenye buti la gari langu.

Niliichukua kwa wivu, sina neno jingine. Mama akiamka alilitaja jina la mdogo wangu. Mimi aliniuliza nimefika lini na naondoka lini. Nilitaka niwe na kitu chake ambacho mwenzangu hana, na walipomgeukia yeye, ulimi ukaganda. Baada ya mwezi mmoja akafunga mizigo, akahamia mji huu wa watalii ambako hana ndugu, akapata kazi kwenye uwanja wa ndege.

Miaka sita saa ililala kabatini kwangu chini ya blanketi, bila ufunguo, haijalia hata mara moja. Mwaka huu nimestaafu, nyumba imekuwa kimya, na kabati hilo lipo mbele ya kitanda. Ndipo nikakata tiketi. Uongo wenyewe ulikuwa huu: saa nimeikuta kwenye vitu vya shangazi, Mungu amrehemu. Shangazi alifariki mwaka jana, na marehemu hajibu. Miaka ishirini na nane niliwaambia watoto wa watu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imenichukua ndege mbili.

Tukatua kwa kudunda mara mbili. Nje, mwanamke mwenye vibao vyekundu mikononi alikuwa akimwonyesha rubani pa kusimama. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Anatembea kama mama.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukumbi mmoja: feni moja, mizani moja, kaunta moja. Mdogo wangu aliweka vibao chini, akavuta toroli la mizigo, akavaa kofia ya kazi na kuingia nyuma ya kaunta. Alikuwa ndiye kila kitu pale. Abiria walitoa vipande vyao vya namba, wakapewa mizigo, wakaondoka. Kwenye kaunta nikabaki mimi na Bwana Kofia, aliyekuwa akisubiri gari la hoteli; wengine ukumbini walingoja ndege ya kurudi.

"Kipande chako, abiria."

Abiria! Nilipekua mkoba wote. Kisha nikakumbuka: nilikitumbukiza kwenye kikombe cha karatasi kule nilikolala, nikatupa vyote viwili.

"Nimekipoteza," nikasema. Nikashusha sauti. "Ni mimi, mdogo wangu."

"Nakuona. Asiye na kipande anataja vilivyomo mbele ya shahidi, halafu tunafungua." Akaonyesha tangazo ukutani, akatoa fomu na kalamu. "Juzi mtu kaondoka na sanduku la mwenzake."

Bwana Kofia akajitolea kuwa shahidi kabla hajaombwa.

"Magauni matatu," nikaanza. "Kandambili. Dawa za presha. Shuka mbili."

Mdogo wangu akatazama mizani iliyobeba sanduku langu. "Shuka hazina kilo hizi."

"Na saa ya ukutani."

Kalamu ikasimama. "Ya nani?"

"Ya mama."

"Umeipataje?"

Swali hilo halikuwamo kwenye fomu. Nilikuwa naisoma kichwa chini miguu juu. Nikafungua mdomo nimtaje shangazi. Wakati huohuo alichomoa shada la funguo kiunoni afungue droo ya muhuri, na katikati ya funguo za milango nikauona ule mdogo wa shaba, wenye masikio mawili. Ufunguo uliomponza. Alikuwa anatembea nao miaka yote hiyo.

Shangazi nikamwacha apumzike. "Niliichukua mimi," nikasema. "Siku ile mjomba anakutukana, ilikuwa kwenye buti la gari langu. Nilijua, nikanyamaza."

Bwana Kofia akavua kofia yake. Mdogo wangu akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Mpigie mjomba," akasema.

"Sasa hivi? Nimechoka, mdogo wangu. Acha kwanza nioge, nipumzike..."

"Mimi nimechoka miaka sita. Piga."

Nikapiga. Mjomba ana miaka themanini na zaidi, masikio yake yamebaki mapambo tu. Nikasema taratibu, hakusikia. Nikapaza sauti, akaniambia nisinong'one. Mara ya tatu nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga hata mbele ya shule nzima: "Mjomba! Saa ya mama niliiiba mimi! Mdogo wangu hakuiba kitu!" Watu waliokuwa wakisubiri ndege ya kurudi wakageuka wote. Mlinzi akaingia kutoka nje.

Safari hii alisikia. Kisha mjomba akasema, kwa sauti ndogo, "Na mimi nilimfukuza mtoto yule. Nipe niongee naye."

Nikamnyooshea mdogo wangu simu. Akatikisa kichwa. "Mwambie niko kazini."

Akafungua sanduku, akazikunjua shuka, akaisimamisha saa juu ya kaunta. Akaipangusa kioo kwa mkono wa shati, akachomeka ufunguo, akaanza kuuzungusha polepole, akihesabu kwa midomo kama alivyofundishwa na mama. Saa ikakohoa, ikaanza kwenda. Nikalia pale pale, mbele ya mlinzi na Bwana Kofia, wala sikujali.

"Dada," akasema bila kuinua macho, "usidhani nimekusamehe. Natia saa ufunguo tu."

"Najua."

"Natoka saa kumi. Kaa benchi lile unisubiri." Akagonga muhuri kwenye fomu. "Na usiguse kitu."

Nikaenda nikakaa aliponionyesha, mikono mapajani.