Futi Kamba Kuanzia Chooni

Avelina wa Gongo la Mboto aliletewa bwana ardhi, Gaudens, aje kupima umbali kati ya nyumba yake na machimbo ya kokoto. Gaudens akavuta futi kamba yake kuanzia mlango wa mbele, akapata mita hamsini na mbili.

"Inatakiwa hamsini, mama. Uko salama."

Avelina alimkaribisha chai, akamwongezea kikombe cha pili, kisha cha tatu, mpaka mgeni akaulizia choo.

"Kipo kule nyuma, baba, upande wa machimbo. Kikitikisika, shikilia ukuta."

Muda si mrefu Gaudens alitoka mbio, mkanda haujafungwa. Safari hii walipima kuanzia chooni, wakapata mita nne. Akaandika palepale kwamba uchimbaji usimame. Alipoondoka, Avelina alicheka hadi akakaa chini.